Mbegu za kugandishwa si makapi

Dada, umeuliza kama mbegu za mumeo zikitolewa kwenye korodani kwa upasuaji kisha zikagandishwa zitakuwa zimepoteza nguvu, na kama ni lazima zitumike siku hiyo hiyo. Si lazima. Inategemea kwa nini shahawa zake hazina mbegu.

Kama mirija imeziba lakini korodani zinazalisha vizuri, gandisheni tu. Matokeo hayatofautiani sana na ya mbegu mbichi. Kwanza hapa mbegu haziogelei kwenda popote: mtaalamu wa maabara huchagua moja iliyo hai na kuidunga ndani ya yai, njia iliyoripotiwa kufanikiwa tangu 1992.

Kasheshe ni pale korodani zenyewe zinapozalisha kidogo mno. Kugandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196, kisha kuyeyusha, huua baadhi, na nyingine hubaki hai lakini hazichezi. Zikiwa za kuhesabika kwa vidole, mnaweza kuyeyusha mkakosa hata moja. Ila na upande wa pili, wa kutoa mbegu mbichi siku hiyo hiyo ya mayai, una machungu yake: umechomwa sindano za homoni, mayai yameshatolewa, halafu daktari anapekua korodani anakosa kitu!

Mimi ningetanguliza upasuaji, mbegu zigawanywe kwenye vichupa kadhaa, na mumeo akubali mapema kwamba huenda akarudi kwenye meza ya upasuaji siku ya kutoa mayai. Muulizeni daktari: mkiyeyusha za aina hii, kwa kawaida mnapata zinazocheza?