Peleti za bei chee kwa jiko la nyumbani, utajuaje kama ni nzuri?

SWALI: Shikamoo dada. Naishi kaskazini mwa Italia, nyumbani tunapasha joto kwa jiko la peleti za mbao (vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa), sasa nimeona mifuko ya kilo 15 bei poa kuliko ninayonunuaga, nijaze stoo au ntajutia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usijaze kwanza, chukua mfuko mmoja ujaribu. Cheki chini ya mfuko, vumbi likiwa jingi ujue peleti zinavunjika ovyo, na hilo vumbi ndo linakwamisha ile skrubu inayopeleka peleti kwenye moto. Tupia chache kwenye glasi ya maji, iliyoshindiliwa vizuri inazama. Rangi isikuchanganye, inategemea mti.

Ila kipimo chenyewe hasa ni majivu. Choma mfuko mzima alafu upime: daraja la ENplus A1 (ENplus ni cheti cha ubora wa peleti) linataka yasizidi asilimia 0.7 ya uzito wa peleti, yani kilo 15 zikuachie kama gramu 100 hivi, na ukikuta yameganda kama mawe kwenye bakuli la moto mara nyingi humo kuna mchanga au magome, achana nazo hata wakikupa bure. Alafu nembo ya ENplus kwenye mfuko peke yake haitoshi maana feki zipo, lazima iwe na herufi za nchi na namba ya kampuni, itafute kwenye tovuti ya ENplus. Zikinuka gundi au rangi usichome kabisa, moshi wake ni sumu.