Kinachomfanya Mtu wa Kawaida Aendelee Kukimbia Nairobi

Katika nchi iliyowalea Kipchoge Keino, Tegla Loroupe, Catherine Ndereba na Eliud Kipchoge, wakazi wengi wa Nairobi bado huamini kwamba mbio ni kazi ya wanariadha wa Bonde la Ufa, na kwamba karani au mwenye duka anayeonekana akikimbia kando ya Outer Ring Road alfajiri bila shaka anajiandaa kuandikishwa jeshini. Nimekimbia Donholm na mitaa ya jirani kwa miaka kadhaa sasa, nikiwa na kikundi cha majirani ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvishwa medali ya ushindi, na katika muda huo nimeona wengi wakijiunga na wengi wakiacha. Nimesadiki kwamba sababu inayomtoa mtu kitandani mara ya kwanza huisha nguvu upesi, na kwamba yule asiyepata sababu ya pili mapema hukata tamaa, hata kama alianza kwa ari kubwa namna gani.

Sababu za kwanza zinafahamika. Mimi nilianza baada ya muuguzi kunipima shinikizo la damu, akarudia kipimo, kisha akaniuliza kwa upole kama huwa natembea kwenda popote. Wapo walioanza kwa kuwa nguo zimewabana, au baada ya msiba ulioacha nyumba kimya. Wapo pia waliomtazama Eliud Kipchoge akimaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, wakavaa raba kesho yake. Yote hayo ni mambo mazito na sipendi kusikia yakidharauliwa. Tatizo lake ni kwamba yanadai matokeo haraka, na mwili hauna haraka hiyo. Uzito hushuka polepole, tena njaa ya mkimbiaji mgeni humfanya aongeze chapati bila kujua, kwa hiyo anayepanda mizani kila Jumatatu huwa wa kwanza kuacha.

Kuna jambo la mwili ambalo laiti wengi wangeambiwa siku ya kwanza. Moyo na damu huzoea mbio mapema: ndani ya wiki chache majimaji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mtu aliyekuwa akihema kwenye kona ya kwanza anajikuta anapita kona tatu bila shida. Mifupa, na zile kano zinazounganisha misuli na mifupa, huchukua miezi kuimarika. Hapo katikati ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu pumzi inawaambia wamekuwa na nguvu, nao wanaongeza umbali maradufu, kisha maumivu yanaanza kwenye muundi, kisiginoni au gotini, wanapumzika wiki mbili, na hawaonekani tena. Hawakushindwa na uvivu. Walikimbia kwa kasi ambayo pumzi iliiruhusu kabla miguu haijawa tayari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayejiunga nasi ni kukimbia taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima. Akishindwa kumaliza sentensi, atembee mpaka aweze. Kubadilishana dakika mbili za kukimbia na moja ya kutembea si aibu, na wengi wa tulio nao leo walianza hivyo. Mwenda pole hajikwai, na hata wanariadha wanaofanya mazoezi Iten, wenye uwezo wa kasi tusiyoiota, hujulikana kwa kuanza mbio zao nyepesi polepole mno. Sisi wengine ndio tunaogeuza kila asubuhi kuwa mashindano. Anayetoka Mombasa au Kisumu ajipe subira zaidi, kwa sababu Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mwili huchukua majuma kadhaa kuizoea.

Sababu ya pili, ile inayodumu, mara nyingi huwa ni watu. Kikundi cha kukimbia hufanya kazi kama chama cha akiba: mtu huweka pesa mwezi baada ya mwezi kwa sababu wenzake wanajua zamu yake imefika na watamuuliza asipoonekana. Kwetu, jioni mmoja hutuma ujumbe mfupi kwenye WhatsApp kuuliza nani yupo kesho, na atakayejibu kwamba yupo huwa amejifunga. Saa kumi na moja na nusu tunakutana chini ya taa ya barabarani karibu na kituo cha mafuta. Mzee mmoja mstaafu, ambaye hukimbia kwa mwendo wa kutembea haraka na hajawahi kuona haya kwa hilo, hupitia kwanza kwenye ghorofa moja na kumulika tochi ya simu kwenye dirisha la mama anayefanya kazi za usiku mara kwa mara. Husubiri mpaka pazia lisogezwe, kisha husema kwa sauti ya chini, "Dada, tuko hapa." Mama huyo ameniambia kwamba kuna asubuhi nyingi ambazo afya yake mwenyewe isingetosha kumwamsha, lakini hawezi kumwacha mzee amesimama kwenye baridi.

Kwa wanawake suala la kuwa na wenzao lina uzito zaidi, nami nalisema wazi. Alfajiri ya Nairobi ina vichochoro visivyo na taa, ina mbwa wa mitaani, na ina wanaume wanaodhani mwanamke anayekimbia amewapa ruhusa ya kumtolea maneno. Niliwahi kujaribu kukimbia peke yangu, na sikuwa na raha hata hatua moja. Tukiwa wanne au watano, barabara ileile huwa yetu. Dada yeyote anayetaka kuanza na hana kikundi, atafute angalau jirani mmoja kabla hajafikiria viatu.

Viatu vyenyewe havihitaji maneno mengi. Raba za mitumba za masoko ya Gikomba au Toi hutosha kabisa ukichagua kwa makini: bonyeza soli kwa kidole gumba uone kama bado inarudi, weka kiatu juu ya meza bapa na ukitazame kwa nyuma, na ukiona kisigino kimelalia upande mmoja, kirudishe, kwa sababu mwenye kiatu wa kwanza ameshakipa umbo la mguu wake.

Njia inayodumu ni ile inayoanzia mlangoni. Karura ni pazuri kuliko maneno, zaidi ya hekta 1,000 za miti na njia za udongo, na kila nikipita humo humkumbuka Wangari Maathai na wenzake, ambao mwaka 1999 walipigwa na wahuni kwa kujaribu kupanda miti katika msitu uliokuwa ukimegwa kwa ajili ya majumba. Lakini kutoka kwetu Eastlands mpaka Karura ni matatu mbili na kiingilio, kwa hiyo tunakwenda Jumapili chache, kwa furaha kubwa, na siku nyingine tunakimbia tulipo. Tunawahi kabla magari hayajasongamana, kwa kuwa moshi wa Jogoo Road baada ya saa moja asubuhi hauvutiki. Baridi ya Julai huwapunguza watu kuliko mvua za masika, na mwezi huo tunafupisha njia badala ya kuvunja ratiba.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito. Asubuhi tatu za nusu saa nyepesi, pamoja na kutembea mpaka steji kila siku, zinakufikisha huko bila wewe kuhesabu. Wanaotaka lengo lenye tarehe wana Nairobi Marathon, iliyoanza mwaka 2003 na kwa kawaida hufanyika Oktoba, nami huwashauri waanzie kilomita 10. Tarehe humsaidia mtu kujipanga, ila nimeona pia walioacha kabisa wiki iliyofuata kwa kuwa hawakuwa na kingine kilichowangoja. Ndiyo maana tunawaomba wote waliokimbia Jumapili waje Jumatano hata kama ni kwa kutembea.

Na mtu akikatika, kwa ugonjwa, kwa mitihani ya watoto au kwa safari ya ushago, asirudi kwa umbali aliouacha. Aanze na nusu yake au chini ya hapo, abaki hapo wiki mbili, na asione haya kutembea sehemu ya njia. Aliyeugua homa ya mapafu au mwenye maumivu ya kifua aonane kwanza na daktari. Kundi, kwa upande wake, lisimwulize alikuwa wapi. Limwambie saa na mahali pa kukutana.