Taa za banda la ng'ombe wanne

Mkuu, umeuliza ufunge taa gani bandani na kama tyubu ndefu zinafaa; kwa ng'ombe wanne na umeme tayari upo, achana na hizo tyubu, chukua balbu za LED tu. Ya wati 9 inakupa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60, kwenye luku utaona tofauti. Ila bandani kuna vumbi la pumba, unyevu na ile harufu ya mkojo inayochoma macho, vyote hivyo vinakula holda mpaka inaota kutu, kwahiyo tafuta zenye kava zilizoandikwa IP65, yaani haziingizi vumbi wala maji ya kurushiwa, bei imechangamka kidogo lakini zinadumu. Halafu pa kufunga ndo muhimu kuliko balbu yenyewe, weka nyuma ya ng'ombe upande unaokaa kukamua, ukiweka mbele kivuli cha tumbo kinaangukia kiwele na alfajiri huoni kama maziwa ya kwanza yana mabonge au damu. Nyaya zipite kwenye paipu juu wasikofika, wanatafuna hao, na fundi aweke ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) ya uhakika maana ng'ombe anasikia hata shoti ndogo ambayo wewe huisikii. Usiku wazimie taa, wanahitaji giza masaa 6 hadi 8.