Helikopta inalalia kulia nikisukuma stiki mbele

Swali: Nimetengeneza helikopta ya rimoti yenye mapanga mawili ya sentimita 32, yanayozunguka kisaa ukitazama kutoka juu. Kichwa nimekichonga mwenyewe. Nikisukuma stiki mbele inalalia kulia, na pembeni mwa duara la mapanga naona mistari miwili. Sevo, zile mota ndogo za kuongozea, zinaitika vizuri. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

Jibu: Sevo ziache. Panga haliinuki palepale linapoongezewa pembe. Huinuka robo mzunguko baadaye, karibu nyuzi 90. Ukitaka pua iiname, panga lipate pembe kubwa likiwa kulia ili lifike juu likiwa mkiani. Lako linaipata mkiani, basi linainukia kushoto na chombo kinalalia kulia. Bila shaka linki, kile kijiti kinachotoka sahani ya kuongozea kwenda kugeuza panga, umeiweka chini ya panga lenyewe. Mkono unaogeuza panga ulitangulie kwa nyuzi 90, kuelekea linakozunguka, na linki isimame wima.

Hakikisha kabla ya kurusha. Chomoa waya za mota, inamisha mbele sahani ya kuongozea, ile iliyo chini ya kichwa inayosukumwa na sevo, kisha zungusha kichwa kwa mkono. Panga likiwa kulia pembe iwe kubwa, kushoto iwe ndogo. Likiwa juu ya pua au mkia ibaki kama ilivyokuwa sahani ikiwa imelala sawa. Helikopta ikibaki kulalia kidogo, ni kwa sababu kichwa kigumu huitikia kabla ya nyuzi 90. Geuza sahani ya chini, ile isiyozunguka, nyuzi chache. Kuondoa kosa hilo kwa trimu, vile vitufe vya rimoti vya kurekebisha kidogo, ni kujidanganya.

Mistari miwili maana yake panga moja linapita juu ya jenzake. Bandika ncha utepe wa rangi mbili tofauti ulijue, kisha fupisha linki yake nusu mzunguko. Skrubu ya M2 husogea milimita 0.2 kwa nusu mzunguko. Kwa mkono wa milimita 15 hiyo ni robo tatu ya nyuzi, na mara nyingi inatosha. Ila kwanza pima mapanga uzito, maana tofauti ya uzito huleta mtikisiko ambao linki haiuondoi.

Usiangalie mistari hiyo kwa karibu. Panga la gramu 30, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 20 kutoka kwenye mhimili, kwa mizunguko 2,500 kwa dakika huvuta boliti yake kama mzigo wa kilo 42. Simama mita 10 kutoka kwenye helikopta, nyuma ya ukuta au gari, uchungulie tu.