Mwalimu, Nenda kwenye Kongamano na Swali la Darasani Kwako

Mwezi wa Agosti 2018, kongamano la kimataifa la programu huria za ramani, FOSS4G, lilifanyika Dar es Salaam. Nilipanda boti Mkoani nikiwa mwalimu wa Jiografia katika skuli ya sekondari hapa Pemba, na kwa siku zote za kongamano nilihama chumba hadi chumba nikiandika kila nilichokisikia. Daftari lilijaa. Niliporudi nyumbani na kulifungua, nilikuta ukurasa mmoja tu ambao ningeweza kuingia nao darasani, nao ulikuwa na jibu la swali nililouliza mwenyewe.

Swali hilo lilikuwa likinisumbua miaka mingi: mwanafunzi ataipendaje ramani ikiwa kila anayofundishiwa ni ya mahali asipopajua? Nililiuliza baada ya kusikia habari za mradi ulioanza 2016, ambapo Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilitumia ndege ndogo zisizo na rubani kuvipiga picha visiwa vyetu. Niliyemuuliza alinijibu kwamba sihitaji chumba kizima cha kompyuta. Nichapishe ramani ya shehia yetu kwenye karatasi, wanafunzi watembee nayo wakiweka alama za visima, njia na misikiti, kisha kompyuta moja itatosha kuyaingiza hayo yote katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kutafuta nauli, andika swali moja linalokukera darasani kwako, kisha chagua vikao vinavyoligusa na uviache vingine hata kama vina majina makubwa. Kuhusu nauli yenyewe, makongamano kadhaa, FOSS4G likiwemo, hutoa misaada ya safari, lakini maombi hufungwa miezi mingi kabla, na barua ya ruhusa kutoka kwa mwalimu mkuu nayo inataka muda wake.

Hata hivyo, kusikiliza kulinifikisha nusu ya njia tu. Mwaka uliofuata niliwasilisha mada katika mkutano wa walimu uliofanyika Unguja, nikieleza kazi ya wanafunzi wangu kwa dakika ishirini. (Projekta iligoma kuisoma kompyuta yangu, nikaokolewa na nakala niliyoihifadhi kwenye flashi; tafadhali usisafiri bila nakala hiyo.) Nilipomaliza, mwalimu mmoja mtu mzima alisimama akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, ramani zako ni nzuri, lakini umejuaje kwamba watoto hawa sasa wanaweza kusoma ramani, na si kwamba wamefurahi kutoka nje ya darasa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu mahudhurio na kuzitazama nyuso zao zilizochangamka, basi. Niliporejea Pemba nilitunga jaribio fupi kwa kutumia ramani ya Makunduchi, mahali ambapo wengi wao hawajawahi kufika, nikalitoa kwa wanafunzi waliokwisha kuchora shehia yetu. Alama na mielekeo waliisoma vizuri, lakini kwenye skeli walikwama, kwa sababu ramani yetu ilikuwa ya 1:5,000, ambapo sentimita moja ni mita 50, na ile ya Makunduchi ilikuwa ya 1:50,000, ambapo sentimita ile ile ni mita 500. Walikuwa wameizoea ramani moja tu, nami nilidhani nimewafundisha ramani zote.

Mara ya pili niliposimama mbele ya walimu, nilianza na kushindwa huko, na hapo ndipo nilipopata msaada wa kweli. Mwalimu wa Hisabati alinishauri wanafunzi wapime njia ile ile kwa uzi juu ya ramani mbili zenye skeli tofauti, kisha waitembee wakihesabu hatua. Nimefanya hivyo tangu wakati huo.

Basi unapoandika ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mada yako, achana na vichwa kama "Umuhimu wa TEHAMA katika Elimu", kwani walimu waliokaa ukumbini wanaujua umuhimu huo na hawakusafiri kwenda kuusikia tena. Eleza wanafunzi wako ni akina nani, mlifanya nini, na wapi mambo yaligoma. Usiogope kwamba skuli yako ina kompyuta chache, maana wengi wa wanaokusikiliza wanafundisha katika hali hiyo hiyo.

Ukirudi, usilale na daftari. Mimi huomba dakika arobaini katika chumba cha walimu ndani ya wiki ya kwanza, nikaonesha jambo moja tu. Safari ya mwisho mwalimu wetu wa Baiolojia alibaki baada ya wenzake kuondoka, akaniuliza kama wanafunzi wake wanaweza kuchora ramani ya mikandaa iliyokatwa karibu na skuli. Wameshaichora, na sasa anaandika ikisiri yake ya kwanza. Jumamosi tutakaa tuisome pamoja.