Je, La Scala Ndilo Jumba Kongwe la Opera Nchini Italia?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba La Scala ya Milan ndilo jumba la opera kongwe kuliko yote nchini Italia. Je, ni kweli? Na kwa nini kumbi hizo huzungushiwa vyumba vidogo vya watazamaji, hata pale ambapo jukwaa halionekani vizuri? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji. La Scala ilipofunguliwa mwaka 1778, Teatro di San Carlo ya Naples ilikuwa na umri wa miaka 41. Mfalme Charles wa ukoo wa Bourbon aliagiza lijengwe ubavuni mwa kasri lake, kwa ramani ya Giovanni Antonio Medrano, nalo likafunguliwa tarehe 4 Novemba 1737, sikukuu ya mtakatifu ambaye mfalme huyo alikuwa wajina wake. Opera zinaimbwa humo hadi leo.

Swali lako la pili linagusa kiini cha ujenzi wenyewe. Ukumbi una umbo la herufi U, na umezungukwa na vyumba 184 vilivyopangwa katika ngazi sita, mbali na chumba cha mfalme kinachotazamana na jukwaa. Aliyeketi ubavuni hulazimika kujipinda ili awaone waimbaji, lakini huwaona bila taabu watu wa upande wa pili, na kwa familia za kitajiri, kuonekana huko kulikuwa na thamani sawa na muziki. Ndani ya vyumba hivyo mna vioo vilivyoinamishwa kuelekea chumba cha mfalme, kwa kuwa haikuwa adabu kupiga makofi kabla yake. Mtu alitupia jicho kioo, akajua kama wakati umefika.

Ukumbi unaoonekana leo, hata hivyo, si ule wa Medrano. Moto uliuteketeza Februari 1816, na Antonio Niccolini, ambaye miaka michache kabla alikuwa amelijengea jumba sura mpya ya mbele yenye safu ya nguzo, akaujenga upya kwa kasi ya kustaajabisha, ukafunguliwa tarehe 12 Januari 1817. Kwa maoni yangu anastahili sifa kubwa zaidi kwa kulihifadhi umbo lile la awali, kwani sauti ya ukumbi huo ilikuwa imekwisha kusifiwa. Wekundu unaotawala picha zake ni wa baadaye, katikati ya karne ya 19. Niccolini aliupamba kwa buluu.