Mashindano ya maputo ya hewa moto si mbio

Ndugu, umeuliza kama kwenye mashindano ya maputo ya hewa moto mshindi ni anayetangulia kufika. Hapana. Maputo yote yanasukumwa na upepo tu, mbio zitatoka wapi? Kinachopimwa hasa ni shabaha. Rubani hana usukani: hupanda au kushuka akitafuta tabaka la upepo unaoelekea anakotaka, kisha hudondosha kifuko chenye utepe mrefu karibu na alama ya msalaba iliyotandikwa chini. Aliyekaribia zaidi hupata pointi nyingi. Upo pia mchezo wa sungura na mbwa: puto moja hutangulia, mengine hulifuata hadi lilipotua.

Ukipenda mashindano ya kwenda mbali zaidi, fuatilia Kombe la Gordon Bennett, lililoanzia Paris mwaka 1906, ila hayo ni maputo ya gesi, si ya hewa moto. Kwenda kutazama? Nenda kwenye tamasha la maputo la Albuquerque, Marekani, mwezi Oktoba. Fika kabla jua halijachomoza.